Kwa nini papa wa Jaws anachelewa kuonekana

Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu papa mwenyewe alikuwa mbovu. Filamu ile ya 1975 ilipigwa baharini kweli, huko Martha's Vineyard, Marekani, na yule papa wa mashine hakuyaweza maji ya chumvi. Kila mara aliharibika. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, amelisimulia hilo mwenyewe kwenye mahojiano. Ikabidi papa aonyeshwe kwa vitu vingine: kamera inayotazama miguu ya waogeleaji kutoka chini, gati lililong'oka linalogeuka na kumfuata mtu, mapipa ya njano aliyofungiwa papa, yanayozama na kuibuka. Mtazamaji anajichorea papa wake kichwani, na huyo anatisha kuliko yule wa mpira.

Ila kwangu hila kubwa iko kwenye muziki wa John Williams. Noti mbili tu, zinazozidi kasi kadiri papa anavyokaribia. Angalieni tena wale watoto wawili wanaowatisha waogeleaji kwa pezi bandia: muziki haupo, kwa sababu papa hayupo. Ukishauzoea kama kengele ya hatari, mkuu wa polisi Brody anamwaga chambo baharini huku akilalamika, papa anaibuka nyuma yake ghafla, bila noti hata moja ya kukuonya.

Lakini wanaosema yote ilikuwa bahati tu ya papa kuharibika wanazidisha. Yule msichana anayeshambuliwa mwanzoni akiogelea aliburutwa kwa kamba. Tukio hilo lilipigwa bila papa kuonekana hata kidogo, na bado linatisha: huo ni ubunifu, si bahati.