Ini lina mafuta, na mimi silali

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 46, naishi Chake Chake na mke wangu na watoto wanne. Nilikwenda kupigwa ultrasaundi kwa maumivu ya tumbo, karatasi ikatoka imeandikwa ini lina mafuta, daraja la pili. Daktari alikuwa na foleni ndefu; akanambia nipunguze uzito, nirudi baada ya miezi mitatu. Tangu siku ile silali, usiku nasoma habari za saratani kwenye simu, na mke wangu akiingia naificha. Nikijibonyeza nikahisi kitu chini ya mbavu najua ndiyo saratani. Mke wangu sijamwambia. Huku mtu akisikia una ini anafikiria ulevi, na mimi pombe sijaionja maishani. Rafiki kanipa dawa ya miti ya kusafisha ini. Niinywe?"

Marahaba mwanangu, Mungu akupe afya. Dawa hiyo usiinywe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lisilongoja: ini ndilo linalochuja kila tunachomeza, na baadhi ya dawa za miti huliumiza, hasa zile ambazo hakuna ajuaye zimechanganywa na nini.

Sasa hilo daraja la pili. Naona hapo ndipo usingizi wako ulipokimbilia, kwa kuwa umelisoma kama hatua za saratani zinavyosomwa. Sivyo. Daraja la ultrasaundi linaeleza mafuta yanavyoonekana kwenye picha: la kwanza kidogo, la pili wastani, la tatu mengi. Halisemi una saratani. Halisemi hata kama ini limeanza kupata makovu, na makovu ndiyo yanayowashughulisha madaktari. Wengi wenye mafuta kwenye ini hawafiki kwenye makovu mengi yanayolifanya ini lisinyae, na zaidi ya robo ya watu wazima duniani wana mafuta hayo.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kukaa gizani mimi siikubali. Rudi wiki hii, na maswali yako uyaandike kabla hujaingia, kwani foleni humsahaulisha mtu. Uliza: nina makovu? Kuna hesabu inayoitwa FIB-4, inatumia umri wako na vipimo vya kawaida vya damu, nayo humsaidia daktari kujua kama uchunguzi zaidi unahitajika. Omba upimwe na homa ya ini aina ya B na C, ambayo ni maradhi mengine kabisa. Omba sukari, presha na mafuta ya kwenye damu, maana hayo hufuatana na ini la mafuta, na moyo unataka kulindwa pia. Na yale maumivu yaliyokupeleka mwanzo, yamejulikana ni ya nini? Barua yako haikusema, nami sitaki yapotelee ndani ya hofu hii. Macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Mkeo je? Mume halali, anaficha simu mke akiingia chumbani, hasemi. Unadhani mkeo anawaza ini? Huenda ameshawaza mke wa pili, na analia peke yake. Mwambie. Mwambie pia kwamba mafuta haya huja bila tone la pombe: uzito wa tumboni, kisukari, vinywaji vya sukari. Aibu hiyo si yako, usiibebe. Halafu yeye ndiye mwenye jiko, bila yeye hutafika mbali.

Ukiwa na kilo 90, kupunguza nne na nusu tu kunaanza kuyapunguza mafuta ya ini. Ukipunguza tisa, ini lililovimba linaweza kutulia, na hata makovu yakapungua. Lakini polepole, nusu kilo kwa wiki, hadi kilo moja. Kujishindisha njaa kwa pupa kunaweza kulizidishia ini taabu. Soda na juisi za sukari ziache kabisa. Wali wa nazi upungue sahanini, samaki na mboga ziongezeke. Mandazi na chapati za asubuhi zisiwe za kila siku. Tembea nusu saa, siku tano za wiki. Kahawa chungu ya barazani kunywa, tafiti nyingi zimeihusisha na makovu machache ya ini, ila iwe mchana na bila halua, maana usiku unautaka kwa usingizi.

Na huo usiku: simu ibaki chumba kingine. Kusoma habari za saratani saa nane za usiku hakujakupa jibu hata moja. Kila alasiri kaa na daftari, andika lolote linalokutisha, na hilo ndilo utakalompelekea daktari. Acha kujibonyeza mbavu. Ini la mafuta mara nyingi haliumi, na ukibonyeza kutwa lazima patakuuma tu. Wiki mbili zikipita hulali wala huli, mweleze daktari hilo nalo. Hofu ya namna hiyo inatibika, na haina uhusiano na udhaifu wa imani.

Anza na mkeo leo, baada ya Isha, watoto wakishalala. Vipimo vya damu vikitoka, niandikie.