Yule si mtani wako

Kamwene mwanangu,

Umeniuliza mbona mtani wangu Mngoni akiniita mla mbwa, kama wanavyotutania sisi Wahehe, mimi nacheka, lakini wewe mtu kakuandikia hivyohivyo chini ya picha ya mahafali yako ukalia, na ulipolalamika wakakwambia ni utani tu, usijishtukie.

Bibi yako alipofariki ulikuwa darasa la pili, pengine hukumbuki. Kabla jeneza halijashushwa, mtani akaruka kaburini, akalala chali, kofia usoni, akagoma kutoka mpaka alipwe. Nikampa elfu mbili. Akaigeuzageuza ile noti: "Hii hainunui hata mkia wa mbwa!" Watu wakaangua kicheko, na mimi na machozi yangu nikacheka. Alipotoka akavua koti, akashika koleo akafukia mpaka mwisho, hakumpokeza mtu. Jioni nikamwona ananawa, viganja vimechubuka. Alikaa matanga siku tatu, akichota maji na kuwakera shangazi zako.

Babu zetu Wahehe na babu zake Wangoni walipigana kwelikweli kati ya 1878 na 1882. Waliomwagiana damu ndio leo wanazikana. Akinitukana, ananidai na namdai, na zamu yangu ikifika hana ruhusa ya kununa.

Huyo wako kaweka picha ya mchezaji mpira na jina la uongo. Utamdai nini? Msiba ukikupata atakuja na koleo?

Halafu kuna wenye mtandao. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba kuanzia 2017 Facebook walizihesabu emoji, ya hasira ikiwemo, mara tano ya laiki, na baadaye ndipo wakaiondolea ile ya hasira uzito. Hapa Iringa, sokoni Mlandege, mama akimtukana mwenzie, wa genge la tatu atamwambia basi, inatosha. Huko anaongezewa watazamaji.

Nami si msafi. Ule ugomvi wa shamba, nilimwandikia baba yako mkubwa kwenye grupu la ukoo, saa sita usiku, maneno ambayo mdomo wangu haujawahi kuyatamka. Miezi miwili hakupokea simu yangu. Nilipokwenda kwake akanimiminia chai, akasema, "Haya, yaseme sasa." Nikashindwa. Nikabaki nakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani.

Kwa hiyo usimjibu. Akianza kukutishia, piga picha ujumbe wake kabla hajaufuta, uende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ile picha ya mahafali usiifute. Mama yako ameisafisha na kuitundika sebuleni, pale juu ya redio.

Mtani aliiona juzi alipopita kutoka Songea. Akauliza hilo joho mmeazima kwa nani. Akasema pia bado anakudai jogoo, na safari hii hataki wa kisasa.

Baba yako, hapa Kihesa, Iringa