Mdogo wangu, Kiitaliano hakina "je"

Juzi kijana mmoja wa Watamu kaniandikia: "Kaka, Kiitaliano nakielewa, ila kuuliza ndiyo shida. Neno la kuanzia swali ni lipi?"

Hakuna, mdogo wangu. Wafaransa wana "est-ce que" yao. Mwitaliano anayesema "Mario è arrivato" (Mario amefika) na anayeuliza "Mario è arrivato?" wametumia maneno yale yale, mpangilio ule ule, kilichobadilika ni sauti. Na sauti nayo ina kwao: mtu wa Palermo, kule Sisilia, huipandisha kisha akaishusha mwishoni, ukadhani anakupa habari kumbe anakuuliza. (Wahispania angalau kwenye maandishi wamejisaidia. Tangu 1754 Akademia yao ya Kifalme iliagiza alama ya kuuliza iwekwe na mwanzoni pia, miguu juu.)

Utamu uko kwenye mpangilio. Nilipokuwa mhudumu katika hoteli moja ya pwani hii, meneja alinikatiza mbele ya wageni kwa sababu nimesema "Il pesce lo vuole?" Eti kitabu kinataka "Vuole il pesce?", yaani "Unataka samaki?" Nikanyamaza, lakini masikio yakabaki mezani. Wageni wenyewe wakiulizana: "Il vino lo prendi?" (Divai utaichukua?) "Lo vuoi un caffè?" (Unaitaka kahawa?) Sisi hili tunalo nyumbani. Samaki akishaletwa mbele ya mgeni, humwambii "Unataka samaki?" Unamwambia "Samaki unamtaka?" Ile "m" ndiyo "lo" yao. Na ukitaka uhakika kwamba ni samaki, wala si kamba, sema "È il pesce che vuole?", yaani "Ni samaki unayemtaka?"

Wiki iliyopita nilitembeza familia ya Sardinia, kisiwa cha Italia. Bibi yao akanigeukia: "Mangiato hai?" Umekula? Vitabuni ni "Hai mangiato?", ila Wasardinia hutanguliza kile hasa wanachokiulizia, kama wafanyavyo katika Kisardinia chao. Baadaye, juani, nami nikamwuliza: "Stanca è, signora?" Umechoka? Wote wakaangua kicheko, na mwakani wamesema wananitaka mimi. Yule meneja natamani angekuwepo.

Kwa hiyo vijana, sikilizeni. Mnakariri majedwali ya vitenzi usiku kucha, mgeni akifungua mdomo mko kwenye simu. Sikilizeni! Jioni nenda ufukweni bila kuuza chochote, ukae karibu na familia yenye bibi na watoto wadogo. Hao ndio huulizana kutwa.