Je, misamaha ya kodi itatuletea kiwanda cha mwani Pemba?

Swali: Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa mwani katika Wilaya ya Micheweni. Mbali na mradi wa Serikali wa kiwanda cha mwani Chamanangwe, tungependa mwekezaji wa nje ajenge kiwanda cha kusarifu mwani karibu nasi, lakini wageni wengi huishia kwenye mahoteli ya Unguja. Je, Serikali ikizidisha misamaha ya kodi, watakuja huku?

Jibu: Ndugu katibu, ahsante kwa swali lako. Kwa maoni yangu, msamaha wa kodi peke yake hautamleta.

Aliyejenga hoteli Nungwi au Paje amefuata ufukwe, na ufukwe hauhamishiki. Mwani mkavu hutiwa katika magunia ukasafirishwa popote, na ndivyo ulivyofanywa tangu kilimo hiki kianze kwetu kibiashara mwaka 1989: sisi tunalima na kuanika, na karajinani, ule ute unaotiwa katika vyakula na dawa za meno, hutolewa ng'ambo. Ili mtu ajenge Pemba, lazima aone kwamba kuusarifu hapa kuna nafuu kuliko kuuchukua. Kodi ya mapato hutozwa juu ya faida, na kiwanda kipya aghalabu hukaa miaka kadhaa bila ya faida, kwa hiyo kumsamehe kodi hiyo ni kumsamehe asichodaiwa. Msamaha wa ushuru wa mashine una uzito zaidi, kwani humpunguzia gharama kabla hajaanza kazi.

Atakachouliza kwanza ni umeme, maji matamu na meli. Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, naye atataka kujua waya huo ukipata hitilafu kiwanda kitaendeshwa kwa nini.

Kisha ardhi, na hapa ndipo niombapo uangalifu mkubwa. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Mgeni haimiliki, hukodishwa. Lakini juu ya eneo hilohilo huweza kuwapo minazi ya mtu mmoja, mikarafuu ya mwengine, na njia ambayo kina mama wamepita miaka yote kwenda pwani. Mwekezaji akipewa karatasi kabla ya hao kusikilizwa na kulipwa fidia, amepewa ugomvi, na wenziwe watapata habari upesi kuliko tangazo lolote letu.

Lililo mikononi mwenu ni mali ghafi. Aina ya cottonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, huku spinosum ikistahamili. Mnunuzi anahitaji kujua mnavuna ipi na kiasi gani. Fungueni daftari: kila bamvua, andikeni kilo za mwani mkavu kwa aina yake, na kila gunia lipimwe baada ya kukung'utwa mchanga. Daftari la misimu miwili, lenye saini za wapimaji, mlipeleke ZIPA, yaani Mamlaka ya Kukuza Vitega Uchumi Zanzibar, pamoja na ombi lenu, na mwombe ushirika uingie katika mradi kwa hisa, hata zikiwa chache, ili msibaki wauzaji wa magunia mlangoni mwa kiwanda.