Baiskeli Vijijini China

SWALI: Kaka, nasoma Guilin, mji wa kusini mwa China, na nimechoka kukaa bwenini. Nataka kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Nianzie wapi?

JIBU: Panda basi hadi mji mdogo wa Yangshuo, mdogo wangu, ukodi baiskeli huko huko. Fuata njia ya kando ya mto Yulong: mashamba ya mpunga, vilima vya mawe ya chokaa vilivyochongoka, na wanaume wanaoendesha vyelezo vya mianzi kwa upondo. Barabara kuu iache, malori hayana simile. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili na upandishe kiti. Mimi sikukipandisha, magoti nusura yanigonge kidevu. Pasipoti uwe nayo, maana ukilala huko lazima uandikishwe polisi. Mei na Juni mvua ni nyingi, chukua koti.