Kifundo cha Mkono: Picha Haikuonesha Ufa, Mbona Bado Kinauma?

SWALI: Daktari, wiki tatu zilizopita nilianguka kutoka kwenye ngazi, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, nikafungwa bendeji na kupewa dawa za maumivu. Kifundo bado kimevimba, siwezi kufunga ngumi, na sasa kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku. Je, niendelee kusubiri?

JIBU: Hapana, usisubiri, ukiweza, nenda leo hii kwa daktari bingwa wa mifupa. Uliloambiwa huenda ni kweli na bado lisiwe jibu la tatizo lako. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyopangwa katika safu mbili na kushikiliwa na kano, na mtu anapoangukia kiganja kilichopinda kwa nyuma, kano hizo huweza kukatika na mifupa ikahama mahali pake bila hata mmoja kuvunjika. Kiini cha majeraha haya ni mfupa wa lunati, ulio katikati ya safu iliyo karibu na kigasha: ama mifupa inayouzunguka huhama na kuuacha, ama wenyewe husukumwa kuelekea kiganjani, ambako hubana mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hivyo ulivyovitaja. Ganzi yako inanitia wasiwasi kuliko uvimbe.

Takriban asilimia 25 ya majeraha ya aina hii hayagunduliwi mgonjwa anapoonwa mara ya kwanza. Katika picha iliyopigwa kutoka mbele, mifupa hii hulaliana, na anayetafuta ufa peke yake hupita bila kuona kitu. Daktari makini hufuatilia mistari mitatu ya mviringo inayochorwa na kingo za safu hizo, ambayo haipaswi kukatika popote. Picha ya ubavuni ndiyo inayoamua. Hapo mfupa wa lunati huonekana kama kikombe kilichosimama juu ya mfupa wa kigasha. Ukionekana umeinama kuelekea kiganjani, au mfupa wa kapiteti uliopaswa kukaa ndani yake ukiwa nyuma yake, hakuna tena la kubishania. Kwa hiyo uliza kama picha ya ubavuni ilipigwa, na kama mkono ulilazwa sawasawa, kwa maana picha ya mshazari hupotosha. Mfupa wa skafoidi, ulio jirani na lunati upande wa kidole gumba, nao ukaguliwe, kwa sababu mara nyingi huvunjika katika ajali hiyo hiyo na ufa wake huweza kujificha siku za mwanzo. Penye shaka, kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonesha mifupa tabaka kwa tabaka, husaidia.

Jeraha likiwa bichi, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ya ganzi ili misuli ilegee, vidole hutundikwa na mkono kuvutwa kwa uzito kwa dakika 10 hadi 15, kisha daktari huusukuma mfupa kwa dole gumba hadi urudi. Hatua hiyo hupunguza mbano wa mshipa, lakini plasta peke yake kwa kawaida haitoshi, kwani mifupa huteleza tena. Hufuata upasuaji wa kushona kano na kupitisha waya nyembamba za chuma, ambazo hutolewa baada ya wiki kadhaa, ndipo mazoezi ya viungo yaanze. Kwako, baada ya wiki tatu, kuvuta tu huenda kusifaulu, ila upasuaji bado una nafasi nzuri. Miezi ikipita, hubaki kuondoa safu nzima ya mifupa au kuunganisha kifundo kisikunjike tena. Hata tiba ikienda vizuri, tarajia ukakamavu kiasi na nguvu pungufu za kushika. Anayekuahidi mkono uleule wa zamani hakutendei haki.

SWALI: Kiungo kikiteguka, je, mtu mzoefu anaweza kukivuta kikarudi kabla ya kufika hospitali?

JIBU: Kwa kifundo cha mkono, asithubutu, kwani bila picha hajui kama anavuta mfupa uliohama au uliovunjika, na anaweza kuumiza mshipa wa fahamu. Vueni pete mapema kabla vidole havijavimba, fungeni gango kama mkono ulivyo, uinueni juu ya usawa wa moyo, na mgonjwa asile kitu, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.