Maswali na majibu: GPS ikidanganywa baharini

Kaka, kweli mtu anaweza kukaa mahali akaifanya GPS yangu inidanganye? (Mvuvi, Mikindani)

Kweli kabisa, mzee wangu. Setilaiti za GPS, mfumo unaokionyesha kifaa chako mahali ulipo, ziko juu kama kilomita 20,200, na mawimbi yake ya redio yakifika huku chini ni dhaifu mno. Tena yale ya raia hayana kufuli, muundo wake uko wazi kwa kila mtu. Mwenye mtambo wa redio anaweza kuyaiga na kuyatuma kwa nguvu iliyozidi kidogo, kipokezi chako kikayafuata.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, wakiongozwa na Todd Humphreys, waliipotosha hivyo boti ya kifahari White Rose of Drachs katika Bahari ya Mediterania, wenyewe wakiwa wameridhia. Hakuna king'ora kilicholia. Chombo kiliposomeka kimetoka njiani, kilirudishwa "njiani", na hapo ndipo kilipopotea. Mawimbi yakizibwa tu utajua, maana skrini inakosa mahali ulipo. Ukidanganywa, kila kitu kinaonekana shwari, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Kumvuta mtu mmoja taratibu bila kushtukiwa ni kazi ya mafundi hasa. Kuvuruga eneo zima ni rahisi zaidi: Juni 2017, meli zaidi ya 20 katika Bahari Nyeusi zilijiona ziko kwenye uwanja wa ndege, nchi kavu!

Nitajuaje, nami nasafirisha mizigo Kilwa hadi Mtwara? (Nahodha, Kilwa Masoko)

Linganisha, nahodha, na usingoje mpaka uwe na shaka. Dira ya sumaku haisikilizi setilaiti. Bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina cha maji, haisikilizi setilaiti. Kama ramani inakupa maji ya kina kirefu na bildi inagusa mchanga upesi, iamini bildi, geuza chombo. Mchana chukua alama mbili za nchi kavu, usiku tazama minara ya taa, na kama una rada, pima nayo umbali wa pwani. Shtuka pia saa ya kifaa ikiruka, au kasi isipolingana na upepo ulio nao.

Jambo moja wengi hawalifikirii: AIS, ile inayotangaza chombo chako kwa wenzako, huchukua mahali ulipo kutoka GPS hiyohiyo. GPS ikidanganywa, nawe unawadanganya wenzako bila kujua. Kwa hiyo usiitumie AIS yako kuhakikisha GPS yako.

Kwa nini mawimbi yasitiwe saini ya siri? (Mwanafunzi, Lindi)

Ya jeshi yamefungwa zamani. Kwa raia, mfumo wa Ulaya uitwao Galileo ulianza rasmi mwaka 2025 kutoa uthibitisho wa ujumbe wake, bure, lakini lazima kipokezi kiwe kimetengenezwa kuusoma. Hata hivyo, anayeyanasa mawimbi halisi na kuyarusha upya yakiwa yamechelewa bado anaweza kukusumbua. Antena zaidi ya moja husaidia hapo, kwa kuwa mawimbi bandia kwa kawaida hutoka upande mmoja.

Simu ilinipeleka njia isiyokuwepo nikitoka Masasi na korosho. Nilihujumiwa? (Dereva)

Sidhani, ndugu yangu. Ramani ya simu ndiyo iliyokosea.

Mwanangu anakwenda baharini na simu tu. Nifanyeje? (Mama, Msanga Mkuu)

Mnunulie dira, mama, kisha mwombe nahodha mkongwe wa hapo kijijini amwonyeshe alama za kuingilia bandarini na mahali miamba ilipo. Aende naye mchana kwanza, maji yakiwa yametulia, simu ikiwa imezimwa mfukoni.